Safu ya Lugha: Anandamidi si bangi

Waandishi wetu wa afya siku hizi wanatuambia mwili "hutengeneza bangi yake". Hapana jamani, bangi ni mmea. Kinachotengenezwa mwilini ni anandamidi, molekuli ya mafuta iliyotambuliwa mwaka 1992 katika ubongo wa nguruwe, kwenye maabara ya Raphael Mechoulam huko Jerusalem. Jina limetokana na neno la Kisanskriti ananda, furaha kuu; amidi ni ukoo wake wa kikemia.

Wengine huchanganya anandamidi na NAPE, mafuta ya utando wa seli ambayo watafiti huyachunguza maabarani. NAPE ni kitangulizi: kimeng'enya huikata, anandamidi ikapatikana. Wala isiitwe malighafi, neno la viwandani, pana mno. Kitangulizi tayari kimebeba umbo la kinachofuata. Wahariri, liacheni neno kitangulizi lipite.