Mwingiliano wa Kazi za Programu katika Magari

Mwingiliano wa kazi, katika elimu ya programu za magari, ni hali ambayo kazi mbili au zaidi, kila moja ikiwa imetengenezwa barabara na kufuzu majaribio yake yenyewe, zikikutana ndani ya gari moja huzaa tendo ambalo hakuna fundi aliyelikusudia. Mushkili huu ulishughulikiwa kwanza na mabingwa wa simu katika miaka ya 1980. Lakini katika gari hatari yake ni kubwa zaidi, maana kinachogombewa ni breki na usukani.

Tutazame kufuli za milango. Kazi moja hufunga milango gari linaposhika mwendo, na nyingine huifungua linapogongwa, ili waokoaji wapate njia. Basi gari lililogongwa likiwa lingali linaserereka, kazi zote mbili zina haki ya kutoa amri, na kufuli ni ile ile.

Aghalabu huwekwa programu ya uamuzi, ipokeayo maombi yote na kupitisha moja kwa daraja iliyokwisha pangwa, lenye kuhifadhi uhai likitangulizwa mbele ya lenye kuleta raha. Daraja hiyo lakini haipangiki kwa kukisia, kwani gari lenye kazi 30 lina jozi 435 za kuchunguzwa, na zikichukuliwa tatu tatu hufika 4,060. Ndiyo sababu kompyuta hutumiwa kuyasaka makutano ya hatari kabla gari halijaundwa. Kanuni za ISO 26262, zilizotolewa mwaka 2011, zinahusu pia madhara yatokanayo na mwingiliano wa mifumo yenye hitilafu, na ISO 21448 ya mwaka 2022 imeongeza yale yanayotokea pasipo kitu chochote kuharibika.

Wako wanaoona kuwa njia nyepesi ni kuzima mmoja wa wagombanao. Udhaifu wa rai hiyo ulidhihirika Tempe, Arizona, tarehe 18 Machi 2018. Gari la Volvo lililokuwa likijaribiwa na kampuni ya Uber lilikuwa na breki zake za dharura, lakini zilizimwa kila kompyuta ya Uber ilipoendesha, kwa kuwa rada za pande mbili zilitumia masafa yale yale na amri zao zingeweza kupingana. Kompyuta hiyo ilimwona mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku akikokota baiskeli sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, ikawa inambadilishia jina, mara gari, mara baiskeli, na breki za ghafla haikuwa na idhini ya kuzishika. Mwangalizi aliyeachiwa dhamana hiyo hakuwa akitazama njia, na mwanamke yule akafariki. Volvo walipoliigiza tukio lile kwa kompyuta kwa namna 20 mbalimbali, breki zile zilizozimwa, lau zingeachwa zifanye kazi, zingaliepusha mgongano katika namna 17.