Maji ya Alfajiri

Kiriaini ni baridi. Anayebisha aende Desemba, saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai, aingize mguu mtoni. Vijana wa zamani waliingia mwili mzima. Kabla ya kisu cha irua walisimama majini hadi wakafa ganzi, ndipo wakamkabili mtahiri bila kupepesa jicho. Tunapenda kusimulia huo ujasiri, lakini maji hatuyapi sifa zake. Yalipooza mishipa ya fahamu, na pia yalibana mishipa ya damu.

Hiyo kazi ya pili Wazungu waliifikia kwa kuzunguka. Mwaka 1884, Carl Koller alionyesha huko Vienna kwamba kokeini hutia jicho ganzi. Muda si muda, William Halsted wa New York akawa anaidunga kando ya mshipa wa fahamu, sehemu nzima inalala. (Alijijaribia mwenyewe mpaka akawa mraibu.) Shida ni kwamba damu haitulii: inapita, inabeba dawa, uchungu unarudi. Mwaka 1885, James Leonard Corning akafunga mkono kwa mpira, damu isipite, na ganzi ikadumu. Kisha 1903 Mjerumani Heinrich Braun akaachana na mpira, akachanganya dawa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu. Kamba ikaingia ndani ya sindano.

Leo kijana wa Kiriaini anapelekwa kliniki. Anadungwa lidokaini kwenye shina la uume, na dakika chache baadaye hasikii kitu. Ila hapo ujanja wa Braun umekatazwa: damu ikibanwa sana kwenye kiungo hicho, nyama yaweza kufa. Lidokaini tupu nayo huisha kwa saa moja au mbili hivi. Ndiyo maana wengine huongezewa bupivakaini, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1957, ambayo hudumu saa kadhaa zaidi.

Kwa hivyo mtihani umehama. Alfajiri ilishashindwa, sasa kuna usiku, saa nane, shuka likigusa tu unaona nyota. Na bado utasikia mtiri, yule msimamizi wake, akimficha vidonge ati mwanamume huvumilia. Babu zake hawakuyakataa maji. Vidonge alivyopewa kliniki humezwa kabla ganzi haijaisha, kijana akiwa bado anacheka na mabeshte.