Kutafuta Kanuni za Kuichezea Middle-earth

Riwaya ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, iliyosimulia dunia ya kubuni ya Middle-earth, ilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, lakini ilienea hasa kuanzia 1965, matoleo ya bei nafuu yalipofika Marekani na kupendwa na wanafunzi wa vyuo. Wakati huohuo Wamarekani wengi walikuwa wakipigana vita vya mezani kwa vinyago. Ndiyo maana Gary Gygax na Jeff Perren walipochapisha Chainmail mwaka 1971, kanuni za vita vya zama za kati, waliongeza nyuma sehemu ya viumbe wa hadithi.

Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Sasa mchezaji hakuongoza tena jeshi zima, bali mhusika mmoja. Yeye husema mhusika wake anafanya nini, msimulizi hueleza kinachofuata, na dadu huamua penye shaka.

Je, mchezo huo ulizaliwa na Tolkien? Gygax alikana, akataja zaidi Robert E. Howard, Fritz Leiber na Jack Vance. Wanaompinga huonyesha kwamba toleo la kwanza lilikuwa na hobiti, viumbe wafupi wa Tolkien, na kwamba jina hilo liliondolewa baada ya wenye haki kulalamika. Naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Wakazi wa mchezo walitoka kwa Tolkien, lakini mwendo wake ulitoka kwingine. Uchawi ni wa Vance: mchawi hukariri maneno yake, na akishayatamka humtoka kichwani. Tena kila sarafu ya dhahabu iliyoletwa kutoka pangoni ilimwongezea mhusika pointi za uzoefu, ilhali katika The Hobbit, riwaya nyingine ya Tolkien, dhahabu ndiyo inayompotosha Thorin, mfalme wa mbilikimo.

Kwa hiyo waliotaka kuishi ndani ya vitabu vyenyewe walihitaji kanuni nyingine. Kampuni ya Iron Crown Enterprises, ya Charlottesville, Virginia, ilipata leseni na mwaka 1984 ikatoa Middle-earth Role Playing, iliyotokana na kanuni zake za Rolemaster. Ramani zake bado zinasifiwa, na majedwali yake ya majeraha yaliweza kumuua shujaa kwa pigo moja. Hata hivyo wahusika walijifunza uchawi kwa wingi ambao Tolkien hakuuandika. Leseni ilipotea 1999. Kampuni ya Decipher ikajaribu mwaka 2002, upepo wa filamu za Peter Jackson za The Lord of the Rings ukivuma, na jaribio hilo halikudumu.

Aliyebadilisha swali ni Mwitaliano Francesco Nepitello, katika mchezo wa The One Ring wa mwaka 2011. Badala ya kuuliza shujaa ana nguvu kiasi gani, aliuliza safari inamfanya nini. Safari ikapewa kanuni zake, na kila msafiri akapewa kazi, kama vile kuongoza njia au kuwinda chakula. Mhusika hutumia Tumaini na hukusanya Kivuli, na hazina iliyolaaniwa humwongezea Kivuli hicho. Hapo dhahabu ilirudi mahali pake.

Lakini kanuni mpya huwagharimu wachezaji muda wa kujifunza, na wengi walikwisha kuzizoea zile za Dungeons & Dragons. Kwa ajili yao, mwaka 2016 ilitoka Adventures in Middle-earth, iliyotumia kanuni hizo baada ya kuondoa aina za wahusika walio wachawi. Kampuni ya Uswidi, Free League, imeendeleza njia zote mbili: toleo la pili la The One Ring, kisha 2023 kitabu kwa waliozoea kanuni za Dungeons & Dragons. Kundi lililozoea kanuni hizo litaanza haraka kwa kitabu hicho cha 2023, ingawa litazibeba pia tabia za mchezo wa mapangoni. Wageni wasio na mazoea ya kuacha ningewapa The One Ring moja kwa moja.