Kigoda cha Milanzi, Kiti cha Uhura

Wafipa husimulia kwamba mtu wao wa kwanza hakuzaliwa, alianguka. Aliitwa Ntatakwa. Alishuka kutoka mbinguni dunia ilipokuwa inaanza, akaweka makao Milanzi, chini ya mlima Itwelele, mahali ambapo leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga na bodaboda anakufikisha hata vumbi halijakukolea. Ukoo wake ulitawala mpaka siku moja mtawala alipokwenda kuwinda. Alimwachia mkewe onyo: wageni wakija wapokee, ila kigoda changu wasikikalie. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu waliotoka mbali. Mke akaingiwa na hofu, akawatolea kigoda, wakaketi. Jamaa aliporudi kutoka porini akakuta nchi si yake tena. Akabaki na Milanzi na kazi ya matambiko; utawala wa Ufipa, uliokuja kugawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, ukawa wa ukoo wa wageni.

Kila msimulizi ana namna yake ya kuipamba hadithi hii, lakini kigoda hakikosekani. Wale wanawake hawakupigana na mtu wala hawakuchoma nyumba. Waliketi.

Mwanaanthropolojia Roy Willis alifika Ufipa miaka ya mwanzo ya 1960, akayasikiliza masimulizi hayo, na mwaka 1967 akachapisha uchambuzi wake katika jarida la wanaanthropolojia huko Uingereza. Mwaka huo nautaja makusudi. Wakati Willis akiwaeleza wasomi wenzake habari za wanawake wageni na kigoda cha Milanzi, ng'ambo ya Atlantiki kulikuwa na mwanamke mwingine aliyeketi mahali ambapo hakuna aliyetegemea kumwona, naye jina lake lilitokana na neno la Kiswahili.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ni tamthilia ya bunilizi za kisayansi: chombo kiitwacho Enterprise kinazunguka angani karne kadhaa mbele yetu, na nahodha wake, Kirk, amekaa katikati ya chumba cha uongozi. Nyuma yake, ukutani, kuna mitambo ya mawasiliano. Hapo ndipo alipokaa Luteni Uhura, mavazi mekundu, kidude cha kusikilizia sikioni, mkono mmoja ukikigusa kila ujumbe unapoingia. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols, aliyezaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Robbins, Illinois, mwimbaji na mcheza dansi aliyewahi kupanda jukwaani na bendi ya Duke Ellington. Mwanamke mweusi katika televisheni ya Marekani ya siku hizo aghalabu alikuwa na ufagio mkononi au trei ya chai. Huyu alikuwa afisa.

Safari ya jina lake inachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru. Ruark alikuwa Mmarekani mpenda kuwinda, na Kenya yake ni Kenya ya walowezi wanaoiona dunia yao ikifikia mwisho. Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia, alilipenda neno akaona lina ukali kidogo. Nichols akapendekeza walilainishe mwishoni, u ya mwisho igeuke a. Basi neno lililopigiwa kelele Dar es Salaam Desemba 1961 na Nairobi Desemba 1963 likaingia katika kitabu cha mwindaji mzungu, likatoka humo mikononi mwa mwimbaji wa Illinois, na likaishia kwenye chombo cha angani likiwa limeng'olewa jino.

Kwa sikio letu "uhura" si kitu. Mtoto wa darasa la pili akiandika hivyo mwalimu anamzungushia duara jekundu. Kuweka a mwishoni ili neno liwe la kike ni mazoea ya Kilatini na watoto wake, Kiswahili hakijali. Aliyeketi Milanzi ni "ameketi", awe malkia au mfalme, na ngeli haimuulizi. Lakini sitawalaumu sana. Jina limekaa vizuri mdomoni, na mamilioni ya watu waliolitamka kwa mapenzi miaka sitini hii hawakuwa wanafanya mtihani wa sarufi.

Sisi wenyewe hatukumwona. Mwaka 1966 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilipata yake miaka ya 1970, na Bara tukasubiri mpaka 1994 vituo vya binafsi vilipoanza. Ufipa ilikuwa nchi ya redio, na kazi ya Uhura bibi yangu angeielewa bila kutafsiriwa. Redio yake ya mbao ilikaa juu ya kabati, na jioni aliizungusha kisikio polepole kati ya mikwaruzo mpaka Radio Tanzania Dar es Salaam ilipojitokeza, kisha anatutuliza sote kwa kuinua kidole. Uso wake dakika ile nimekuja kuuona tena kwa Nichols: mtu anayesikia jambo ambalo wengine chumbani bado hawajalisikia.

Na Kiswahili chenyewe? Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani kuna kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi iliyomo miilini mwa watu, na humjia kila mtu kwa sura ya yule anayemtamani. Kwa Uhura kilikuja kama kijana mweusi mtanashati, akamsimamisha njiani na kumsemesha Kiswahili. Ninakiita Kiswahili kwa heshima tu. Nimekirudia mara nyingi nikiwa nimetega sikio, na ninachopata ni maneno yaliyoparuzwa mithili ya sufuria. Alichokuwa anakitaka kilieleweka, hata hivyo.

Kiumbe cha chumvi kingejua pa kwenda kama kingeshuka upande wetu. Ukisimama kwenye ukingo wa mashariki wa Ufipa, milima ya Lyamba lya Mfipa, unaliona bonde la Rukwa chini yako, na kusini huko ng'ambo ya ziwa kuna Ivuna, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi karne nyingi kabla ya Mjerumani. Tena hapo Ivuna, tarehe 16 Desemba 1938, kilianguka kimondo. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705, hakifiki hata kilo, ila kemia yake inakaribiana mno na ile ya mwanzo wa mfumo wa jua letu, kiasi kwamba wataalamu wa vimondo wanaliita kundi zima la mawe ya aina hiyo CI, na hiyo I ni Ivuna. Kile kimondo kikubwa cha Mbozi ndicho kinachopata watalii na picha. Cha Ivuna kimepata herufi moja, nayo inatamkwa katika maabara za dunia nzima. Ntatakwa ana wenzake.

Kipindi ninachokipenda zaidi kilirushwa Septemba 1967. Mtambo uliopotoka akili unafuta kumbukumbu yote ya Uhura, na inabidi afundishwe upya kusoma. Yuko kitandani katika zahanati ya chombo, mbele yake kuna maandishi ya kitoto kwenye kioo, na muuguzi anamsahihisha. Anakwama kwenye neno linalomaanisha rangi ya buluu. Anajaribu, anakosea, anasahihishwa tena, na hasira inapompanda anatoa Kiswahili. Kiingereza kimefutika, Kiswahili kimebaki chini yake kama mwamba chini ya udongo.

Waandishi wa Hollywood walidhani wanaonyesha lugha ya mama. Mtu wa Sumbawanga anaitazama picha hiyo akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kwetu Kiswahili ndicho kilichokuja na daftari na kiboko. Kilichokuwa chini ni Kifipa. Darasani tulisoma kama yeye, kidole juu ya silabi, na mtoto akichemka anatupa Kiswahili chake chini na kutukana kwa lugha ya nyumbani. Miezi michache kabla ya kipindi hicho, Februari 1967, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, na muda si mrefu Kiswahili kikawa lugha ya shule zote za msingi. Kwa hiyo Uhura wa kitandani, akihangaika na lugha isiyo yake mbele ya mwalimu mpole, alikuwa Mfipa zaidi ya walivyokusudia.

Lazima niseme pia kasoro yake. Kazi aliyopewa ilikuwa nyembamba. Vipindi vinapita akifungua masafa, akiripoti kwamba ujumbe umeingia, akigeuka kumtazama nahodha, basi. Baada ya msimu wa kwanza Nichols mwenyewe aliamua kuacha arudi jukwaani. Kwa masimulizi yake, kwenye hafla moja alijulishwa kwa mtazamaji aliyeomba kumwona, akageuka akamkuta Martin Luther King. Alipomwambia anaondoka, King akamkatalia: hii ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao kukesha wakiitazama, na mlango uliofunguliwa na kiti chake hauwezi kuachwa ufungwe. Akabaki hadi tamthilia iliposimamishwa mwaka 1969. Novemba 1968 alibusiana na Kirk, na watu bado wanabishana kama lile lilikuwa busu la kwanza la mweusi na mweupe katika televisheni ya Marekani. Ubishi huo sina nguvu nao. Kiti ndicho kinachonishangaza. Mwanamke mwenye maneno machache kiasi hicho alibadilisha nchi kwa kuketi.

Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimpa Nichols kazi ya kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Maombi yaliyoingia yalizidi 8,000. Katika watu 35 waliochaguliwa mwaka 1978 walikuwamo wanawake sita, Sally Ride akiwa mmojawapo, na Wamarekani weusi watatu, akiwamo Guion Bluford. Mae Jemison alichaguliwa miaka ya baadaye, na mwaka 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani. Alipokuwa huko alianza zamu zake kwa maneno ya Uhura ya kufungua masafa.

Mwanamke anayeruka. Huku kwetu habari hiyo ina jina baya. Mtanzania akisikia Sumbawanga hufikiria radi ya kutumwa na ungo uliopaa usiku bila mafuta, utani ambao kila Mfipa aliyesoma bweni ameubeba hadi kidato cha sita. Eti jina la mji lenyewe linamaanisha tupa uchawi, na bado tunachekwa. Mimi hucheka nao. Ila nikikumbuka vikongwe wa magharibi na Kanda ya Ziwa waliouawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni, huwa kicheko kinaniishia kooni.

Uhura alikaa muda mrefu bila jina la kwanza. Mwandishi William Rotsler alipendekeza Nyota mwaka 1982, wapenzi wa tamthilia wakalizoea, lakini halikutamkwa rasmi mpaka filamu ya mwaka 2009, Zoe Saldana akiwa Uhura. Hiyo niliitazama Sumbawanga katika banda umiza, kiingilio shilingi mia mbili, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, CD ya kunakiliwa ambayo haikuwa imetafsiriwa. Nusu ya watu hawakuwa wanafuata kinachosemwa. Kirk anamtongoza baa, anamuuliza jina la kwanza, hatajiwi. Karibu na mwisho wanakaribia kuagana, Spock, afisa mwenzake, anamwita: Nyota. Banda zima likasimama. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, blanketi mabegani kwa ule upepo wetu wa Julai, akapiga kelele kwamba huyo ni wa kwetu. Kijana wa nyuma akamjibu angekuwa wa kwetu angefika zamani, kwa ungo. Tukamwomba mwenye deki arudishe kidogo tusikie tena, na hapo hapo umeme, ambao wakati huo tuliupata kutoka Zambia, ukakatika.

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na miaka 89. Januari 2024 roketi iliyoruka kutoka Florida ilichukua sehemu ya majivu yake, na sasa yanazunguka jua.

Lakini nilikuwa bado gizani, mle bandani. Tulikaa nusu saa tukibishana Nyota ni wa nchi gani. Mimi nikasimama kidete kwamba ni Mtanzania, jirani yangu akasema Mkenya, tukawekeana soda. Mwaka 2022 ilianza tamthilia mpya, Strange New Worlds, Celia Rose Gooding akimwigiza Uhura kijana mwenye lugha 37 kichwani, na mezani kwa nahodha akaulizwa habari za kwao. Akasema Kenya. Jirani yangu sasa ana duka la mbolea karibu na stendi, na soda anayoidai amesema anataka ya chupa, si ya plastiki.