Maneno ya njia ya musafara: tuyarudishe kinywani

Tukizungumza juu ya mila, watu wengi wanafikiri ngoma, mahari, matanga na vyakula. Ni wachache wanaofikiri maneno. Hata hivyo neno nalo ni uriti wa wazee, na linakufa bila kelele: siku muzee wa mwisho aliyekuwa analisema anazikwa, hakuna anayelilia. Katika kurasa hizi tunataka kutazama maneno matano ya Kiswahili yaliyofika kwetu kwa miguu, tuone yalisema nini, kisha tuulize kama yanafaa kurudi.

1. Yalitoka wapi?

Kiswahili kilifika mashariki ya inchi yetu katika karne ya 19, pamoja na misafara ya watu wa pwani. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe kwenye muto Lualaba. Watu hao walitafuta pembe za tembo na watumwa. Tusifiche jambo hilo. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa biashara hiyo wakipiga bunduki ndani ya soko la Nyangwe. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wamama waliokuja kuuza. Maneno yetu matano yalipita njia ileile. Kwa hiyo neno likirudi, lirudi na historia yake.

2. Maneno yenyewe

Pagazi. Huyu ni mutu wa kubeba muzigo wa safari, karibu kilo 30 kichwani ao begani. Neno linatoka kwa Wanyamwezi, waliokuwa hodari wa kazi hiyo na waliolipwa juu yake. Baadaye, wakati wa Leopold II na wa Wabelgiji, kazi ya kulipwa ikageuka kazi ya lazima. Katika vita vya 1914-1918, jeshi la Force Publique lilipokwenda kukamata Tabora mwaka 1916, mapagazi zaidi ya laki mbili walitumikishwa. Kuna sanamu na medali za waaskari; za mapagazi ni chache sana. Leo tunasema «porteur», na neno hilo halitukumbushe mutu yeyote. Tukisema pagazi, tunawaita babu zetu kwa jina la kazi yao.

Hongo. Zamani hongo ilikuwa malipo ya njia. Musafara ukifika kwa mufalme, sana sana kule Ugogo, ulisimama, ukatoa vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ndipo ukaruhusiwa kupita. Mazungumzo yaliweza kuchukua siku nyingi, lakini kila mutu alijua nani anapokea na juu ya nini. Tanzania na Kenya neno limebaki, ila leo ni jina la rushwa. Sisi huku tumelipoteza, na tazama tumeweka nini fasi yake: «matabishi», «kitu kidogo ya watoto», «sukari». Maneno matamu juu ya jambo chungu! Dereva akitoa pesa kwenye bariere bila kupewa karatasi, anasema ametoa matabishi, sawa vile amemupa rafiki zawadi. Akisema «nimelipa hongo», sikio linashituka. Tunafikiri neno hili peke yake linatosha kulipa karatasi tulizochapa.

Posho na kibaba. Posho ni chakula cha kila siku alichopewa mutu wa musafara. Kibaba ndicho kipimo chake: chombo cha nafaka, na vibaba vine vinafanya pishi moja. Kule Katanga neno posho liliishi muda mrefu, maana Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906 iliwapa wafanyakazi wake chakula pamoja na mushahara. Wazee wa mukini na wa kambi za kazi wanajua vizuri: siku ya posho ilikuwa siku ya furaha, lakini pia siku ya kujua ni nani anakushika kwa tumbo. Kibaba kimekwisha kabisa sokoni. Leo tunapima unga na maharagi kwa kopo la Guigoz. Wanafunzi wetu wanaweza kusema bila kukosa «haba na haba hujaza kibaba», lakini ukiwauliza kibaba ni kitu gani, wanatazamana. Mezali imebaki, chombo kimepotea. Ni kama kurizi funguo bila nyumba.

Muungwana. Pwani, muungwana alikuwa mutu huru, asiye mutumwa. Maniema, watu wa misafara walijiita waungwana, na Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana. Ajabu ni kwamba wengi kati yao walikuwa wenyewe watumwa, ao vijana wa huku waliochukuliwa, wakavaa kanzu na kujifunza lugha. Jina lilikuwa la kutafuta heshima. Lakini neno lilitembea: leo, kwa wale wanaolitumia, muungwana ni mutu wa adabu, asiyepandisha sauti, anayeshika neno lake, hata awe maskini. Hapo neno limewashinda waliolileta. Lilianza kwa kutenganisha watu, sasa linaweza kupima kila mutu kwa matendo yake.

3. Tusijidharau

Wengine watasema: Kiswahili cha kweli kiko Tanzania, sisi tunachafua tu. Tunawajibu kwa hesabu. Baada ya munane, sisi tunasema kenda. Watu wa pwani wengi wanasema tisa, neno la Kiarabu, na kenda kwao limekuwa la wazee. Kumbe sisi ndio tuliotunza neno la kibantu! Upande mwingine, wao wametunza laki, yaani elfu mia moja, wakati sisi tunakimbilia «cent mille». Kila ndugu ana kitu katika sanduku lake, tubadilishane.

Katiba ya mwaka 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini karatasi hailindi lugha. Mwaka 1965, watu waliokuwa maboyi wa Wazungu kule Elisabethville walitoa historia ya muji wao, iliyopangwa na André Yav, kwa Kiswahili kilekile walichosema. Hawakungoja mutu wa kuwaruhusu.

4. Tufanye nini?

Tunaomba kila msomaji achukue kaye moja. Aende kwa muzee, aandike neno, maana yake, fasi lilipotumiwa, na sentensi moja kamili kama muzee alivyoisema, bila kuisahihisha. Waalimu wenzetu wawape wanafunzi kazi hiyo wakati wa vakansi. Kisha tutumie maneno hayo: nyumbani, sokoni, kanisani, muskitini, kwenye mikutano ya mutaa.

Wazee walisema: muacha mila ni mutumwa. Sisi tuliorizi lugha iliyotembea pamoja na minyororo, tuna sababu mara mbili ya kukumbuka mezali hiyo. Lugha ile leo ni yetu. Tuiseme kama waungwana.