Namba Tasa Bila Kusaka Vigawo

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya namba alizodai ni tasa, zote zikipatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa kisha kutoa 1. Vipeo 67 na 257 alivitia kimakosa. 61, 89 na 107 akaviruka. Makosa hayo yalidumu zaidi ya karne mbili, wala si kwa uzembe wa wasomi. Utasa ni dai la kukosa. Namba yenye kigawo huumbuliwa kwa kukitaja tu. Isiyo nacho inataka ubishe kila mlango mpaka kwenye kipeuo chake cha pili. Leonhard Euler alipothibitisha mwaka 1772 kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa, alijua kwamba kigawo chake chochote kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Badala ya namba tasa zaidi ya 4,700, akabakiwa na za kujaribu zisizofika 400. Ujanja mkubwa, lakini bado ni kubisha hodi mlango kwa mlango.

Aliyeiacha desturi hiyo ni Édouard Lucas, mwaka 1876. Hakusaka vigawo, aliihoji namba yenyewe. Njia yake, kama D. H. Lehmer alivyoinyoosha baadaye, inafanyika hata kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Chukua 2⁷ − 1, yaani 127. Anza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, shika baki, rudia. Utapata 14, 67, 42, 111, kisha 0. Hatua ni tano, mbili pungufu ya kipeo, na sifuri ikitua hapo namba ni tasa; isipotua, si tasa. Kwa hesabu za mkono za namna hii Lucas alithibitisha utasa wa 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, na hadi 1951 hakuna namba tasa kubwa zaidi iliyojulikana.

Atasema mtu kwamba kilicholeta mageuzi ni kompyuta. Kweli, Januari 1952 Raphael Robinson, kwa mashine ya SWAC iliyokuwa Los Angeles, alipata vipeo 521 na 607 kwa siku moja. Lakini 2⁵²¹ − 1 ina tarakimu 157, na kipeuo chake cha pili kina 79. Hakuna mashine ya kupita milango hiyo yote. SWAC ilikuwa ikipiga hatua za Lucas. Pingamizi zito ni jingine: ujuzi huu ni nusu. Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa bila kutaja kigawo hata kimoja, na dunia ikangoja hadi 1903, Frank Nelson Cole alipoonyesha New York kwamba ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Nalikubali pingamizi hilo, ila linathibitisha kwamba maswali ni mawili, kama namba ni tasa na vigawo vyake ni vipi, na la pili ndilo gumu. Namba 2¹²⁷⁷ − 1, ya tarakimu 385, inajulikana kwa hakika kwamba si tasa. Kigawo chake hakijaonekana.