Wimbo na Mahali Pake: Muziki katika Mikusanyiko ya Kifamilia ya Ainabkoi

1.0 Utangulizi

Katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi", iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Hoja hiyo imezoeleka sana. Hutajwa katika sura ya kwanza ya tasnifu nyingi, kisha husahaulika katika sura zinazofuata, ambamo wimbo huchambuliwa kana kwamba ni shairi lililozaliwa kitabuni. Makala hii inairejelea hoja hiyo kwa upande wa historia. Inadai kwamba mahali na wakati wa utendaji si mandhari tu ya wimbo. Ni mali ya jamii, na kama mali nyingine yoyote, huweza kunyang'anywa, kununuliwa, kurithiwa au kuteketezwa.

Mfano unaotumiwa ni Ainabkoi, eneo la nyanda za juu lililo kusini mashariki ya mji wa Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, kando ya reli itokayo Nakuru kupitia Timboroa, ambayo ilifika Eldoret mwaka 1924. Wakazi wake ni Wakalenjin, hasa Wanandi na Wakeiyo, pamoja na Wakikuyu na watu wa jamii nyingine. Historia ya ardhi yao ndiyo pia historia ya nyimbo zao.

2.0 Kiitikio kama Alama ya Ujamaa

Miongoni mwa Wakalenjin, mkutano wa koo mbili wa kuposa na kuafikiana kuhusu mahari huitwa koito. Humo wazee hujadiliana juu ya ng'ombe, maziwa ya mursik hunywewa, na wanawake huimba. Mgawanyo huu wa kazi haufai kuchukuliwa kuwa pambo. Mzee akitamka idadi ya ng'ombe, neno lake ni ahadi, na hulazimika kulipima. Mwimbaji yuko huru zaidi: anaweza kuwasifu wageni na kuwakejeli kwa pumzi moja, kumwonya bwana harusi, na kuukumbusha ukoo wa pili thamani ya binti anayeondoka, bila mtu yeyote kumdai fidia. Kwa maneno mengine, wimbo husema yale ambayo majadiliano hayawezi kuyasema pasipo kuvunjika.

Umbo la nyimbo hizi ni la kiongozi na waitikiaji. Wahakiki wamezoea kumtazama kiongozi, kwa kuwa ndiye mbunifu. Hata hivyo, kwa historia ya familia, mwitikiaji ni muhimu zaidi. Ajuaye kiitikio ni wa nyumba hiyo, au amekwisha kukaa nayo kwa muda mrefu. Mgeni hujulikana kwa ukimya wake. Katika tumdo, yaani jando, mpaka huo ulikuwa mkali zaidi, kwani zilikuwapo nyimbo ambazo asiyetahiriwa hakuruhusiwa kuzisikia. Aliyezijua alikuwa amekwisha kuingia katika mojawapo ya marika saba ya Wanandi, yaani Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kitabu cha Ciarunji Chesaina, Oral Literature of the Kalenjin (1991), kiliziweka kazi za fasihi hii mikononi mwa wanafunzi. Kile ambacho kitabu chochote hakiwezi kukibeba ni haki ya kuitikia.

3.0 Shamba la Mlowezi

Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walifika katika uwanda wa Uasin Gishu. Mji uliochipuka katika shamba namba 64 uliitwa Sisibo na wenyeji kabla na hata baada ya jina Eldoret kutangazwa mwaka 1912. Familia za Kiafrika zilizobaki au kuhamia katika mashamba hayo ziliishi kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 1937 iliruhusu siku hizo kuongezwa na idadi ya mifugo yao kudhibitiwa. Tabitha Kanogo (1987) ameonyesha jinsi maskwota wa Kikuyu katika Bonde la Ufa walivyoupa upunguzaji wa mifugo wa mwisho wa miaka ya 1920 jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo: kifagio.

Athari zake kwa muziki wa familia hazina budi kufikiriwa kwa makini. Koito ni mazungumzo juu ya ng'ombe; ng'ombe wakifagiliwa, mazungumzo hupoteza mada yake. Tumdo huhitaji miezi ya kutengwa kwa vijana. Siku zikiwa za mwajiri, kalenda ya jando hulazimika kuifuata kalenda ya mavuno ya ngano na mahindi. Uwanja wa kuchezea ulikuwa katika ardhi ya mtu mwingine. Hapa ndipo istilahi za "mahali" na "wakati" zinapoacha kuwa za darasani.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilielewa uzito wa mkusanyiko kuliko wahakiki wengi waliofuata. Mwaka 1923 ilipiga marufuku saget ab eito, sherehe ya Wanandi ya kukabidhiana madaraka baina ya marika, kwa kuhofia kwamba ingegeuka kuwa uasi. Orkoiyot Barsirian arap Manyei alikamatwa Oktoba mwaka huo, naye hakuachiliwa hadi 1964, baada ya uhuru. Saget ab eito haikuwa sherehe ya familia moja, lakini funzo lake linaihusu kila familia: dola ililiogopa kusanyiko lenyewe, si maneno ya wimbo huu au ule.

4.0 Santuri na Redio

Badiliko jingine lilitokana na sauti iliyonaswa. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kericho, wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha" kwa kuandamana na chepkong', ala ya nyuzi ya Kikalenjin. Jina hilo ni matamshi yao ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika kupitia santuri, ambaye katika masimulizi yaliyoandamana na wimbo huo aligeuka kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Usomaji wa haki zaidi ni kwamba hadhira iliyonyimwa nafasi ya kumjibu mwimbaji wa santuri ilimtungia mahali pa kusimama ndani ya kiitikio chake yenyewe. Mwaka 2014 rekodi hizo zilirejeshwa Kapkatet, na hivyo sauti ikawarudia wenyewe.

Baadaye duka la Chandarana mjini Kericho lilitoa sahani za wanamuziki wa magharibi ya Kenya, na magitaa ya akina Kipchamba arap Topotuk yakaingia sebuleni. Kuanzia 2005 Kass FM ilitangaza kwa Kikalenjin. Kwa mara ya kwanza familia ya Ainabkoi iliweza kuwa na muziki wa lugha yake pasipo kuwa na mwimbaji wake. Faida ilikuwa kubwa, kwani lugha iliyobezwa ilipata heshima ya hewani. Hasara yake ni kwamba sahani haimsubiri mwitikiaji.

5.0 Majirani

Baada ya 1963 mashamba ya walowezi yaligawanywa katika skimu za makazi au kununuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi, na Wakikuyu wengi wakapata ardhi katika eneo la Burnt Forest na viunga vyake. Walikuja na ruracio, mkutano wao wa mahari, na gitiiro, majibizano ya wanawake kwa wimbo. Mfanano wake na koito ni dhahiri. Katika zote mbili, pande mbili hukutana, wazee hujadili mali, na wanawake hupimana kwa maneno ya wimbo. Jamii hizi mbili, ambazo siasa imezisawiri kama mahasimu wa asili, zina sarufi moja ya kupokea wageni.

Ghasia za 1992, na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ziliichoma sarufi hiyo pamoja na nyumba. Burnt Forest iliathirika mara zote mbili, na mwaka 2008 uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret uligeuka kambi ya waliofurushwa. Wanahistoria wamehesabu wafu na ekari. Mhakiki wa fasihi ana hesabu yake pia. Familia iliyo kambini inaweza kuozesha binti, lakini haina ua wa kumzuilia mgeni hadi aimbe, wala jirani wa kuitikia.

6.0 Hitimisho

Leo katika mikusanyiko mingi ya eneo hili sala na nyimbo za kanisa hufungua shughuli, mshereheshaji wa kukodiwa hushika kipaza sauti, na spika kubwa hujaza hema. Si kila kilichotoweka kinastahili kuliliwa. Nyimbo za kuwatia moyo wasichana kabla ya kukeketwa zilikuwa na ufundi wake, lakini sheria ya 2011 iliyopiga marufuku ukeketaji ilikuwa na haki kuliko ufundi huo. Mtafiti anaweza kuuhifadhi wimbo bila kulitetea tendo lililouzaa.

Wala si kila kitu kimekwisha. Mwanariadha anaporudi na ushindi, huvishwa sinendet, shada la mmea utambaao, hupewa mursik, na kina mama humwimbia. Zawadi ni mpya na ndege ni mpya, ila namna ya kumwambia mtu kwamba amerudi kwake ni ile ile.

Kwa hiyo, utafiti wa nyimbo za Ainabkoi na kwingineko hauna budi kuuliza zaidi ya maana ya mishororo. Uulize ua ulikuwa wa nani, siku ilikuwa ya nani, nani walialikwa, na nani katika kizazi hiki hawawezi tena kuitikia na kwa sababu gani. Maneno ya kiongozi yanaweza kupatikana katika kanda na maktaba. Kiitikio hupatikana tu pale ambapo watu wangali na mahali pa kukusanyika, na wangali wanaalikana.